Geti Asiloshukia Mwalimu

Mtaani kwetu Azaiba, hapa Muscat, mtu akisema "Mwalimu kashuka," hakuna aliyeuliza kashuka kutoka wapi. Ameshuka kwenye baiskeli, amesimama mbele ya mtu aliyemzidi umri, na sasa anasalimu. Salamu zenyewe hazikuwa fupi. Zilianza na masalkheri, zikapita kwenye presha ya mtu na magoti yake, zikawafikia watoto walioko Sohar na mbuzi kama wapo, na zikaisha pale aliposhika tena hendeli, akatengeneza buibui lake, akapanda. Hatua chache mbele kulikuwa na mzee mwingine kwenye kiti cha plastiki. Mwalimu akashuka.

Nilimjua miaka mingi, kama jirani wa nyumba inayoelekeana na yetu. Habari za ukoo wake waulizwe wenye kazi ya kuhifadhi koo za watu. Muscat hatuna uhaba wao. Mimi namkumbuka kuanzia magurudumu kwenda juu: raba nyeupe, soksi nene, buibui jeusi, miwani mikubwa, na sauti iliyofundisha wasichana jiografia kwa muda mrefu kiasi kwamba hata akikuomba chumvi ungedhani amekuuliza mji mkuu wa nchi fulani.

Kushuka kule kulikuwa adabu ya Unguja, ya tangu wakati watu wazima walipokaa barazani na kijana mwenye baiskeli akajua kuwa huwapiti wakubwa zako ukiwa juu yao. Unashuka, unasalimu, unaikokota mpaka uwavuke, ndipo unapanda. Shida ni kwamba Muscat ya miaka ya tisini haikuwa na mabaraza wala baiskeli. Walioendesha baiskeli walikuwa wafanyakazi wa kigeni wakitoka kazini, na watoto wasiofika umri wa leseni. Mwanamke mstaafu, mwenye buibui na heshima zake, hakuwamo katika hesabu ya mtu yeyote. Kwa hiyo alipotokea wa kwanza, mtaa ulijiandaa kukasirika, lakini haukupata nafasi. Kila mwenye uso wa kununa aliona baiskeli inasimama mbele yake, mwenyewe anashuka na kumuulizia mama yake mgonjwa. Ni vigumu sana kumsema mtu ambaye bado unamjibu salamu.

Wapo waliodhani anashuka kwa haya. Mmoja alimwambia hivyo, kwa upole, kana kwamba anampa njia ya kutokea.

"Haya?" Mwalimu akamjibu. "Ningekuwa na haya ningepanda gari yenye vioo vyeusi kama nyinyi."

Geti moja tu hakulishukia, nalo lilikuwa la kaka yake.

Kaka yake alikuwa mkubwa wizarani, mtu wa dereva na mafaili, na nyumba yake, ya mwisho mtaani, ilipakana na ya Mwalimu upande wa kulia. Baada ya Alasiri alitoa viti nje ya geti, kwenye kivuli cha ukuta, akanywa kahawa na wageni. Siku moja Mwalimu alitokea barabara kuu na mikate ya moto kwenye karia ya nyuma, akapitiliza geti lake, akashuka kumsalimu kaka. Marehemu baba yangu alikuwapo, na ndiye aliyetuletea habari nyumbani kabla hata hajavua viatu. Kaka mtu aliitazama baiskeli, akawatazama wageni wake wa wizarani, kisha akasema mbele yao wote:

"Mwanamke mzima, mwalimu wa watu, juu ya baiskeli kama anapeleka mitungi ya gesi. Sikiliza. Ukipita hapa na hicho chombo, usishuke. Mimi sikuoni."

"Inshallah, kaka," akasema Mwalimu. Akapanda.

Kesho yake wakati ule ule alipita. Alishuka kwa baba yangu, akashuka kwa jirani wa pembeni, akashuka kwa mwenye duka. Akapitiliza geti lake mwenyewe, na alipofika kwa kaka yake hakushuka. Alipiga kengele, ile kengele yake ya sauti mbili, ting, tong, akaenda zake akitazama mbele. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka, kila Alasiri, ukiondoa miezi ya joto ambayo hata yeye aliiogopa. Wageni wa mtaani waliuliza kwa nini mama huyu huwashukia watu baki na kumpita ndugu yake kama nguzo ya taa. Nasi tulijibu kwa fahari kidogo, kama watu wenye kivutio cha watalii.

Msidhani walikuwa hawasemezani. Siku ya Idi Mwalimu alikwenda kwa kaka yake kwa miguu, akambusu mkono, akala biriani yake na kuilaumu. Mke wa kaka alipougua, Mwalimu ndiye aliyelala hospitali. Waliongea juu ya kila kitu, isipokuwa kitu kimoja. Ugomvi ulikuwa wa magurudumu tu, na kila mmoja alijua unapoanzia na unapoishia.

Niliwahi kumwambia, kwa ujasiri wa mtu aliyemaliza chuo karibuni, kwamba angemshukia mara moja tu mambo yangeisha. Alinitazama kama ramani iliyochorwa kichwa chini.

"Mimi mtiifu, mwanangu. Kaka mkubwa akikukataza jambo, unaacha. Kanikataza kushuka, nimeacha. Sasa mnataka niwe mkaidi?"

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya Kiholanzi. Aliachiwa na jirani mmoja Mholanzi, mke wa mhandisi, familia ilipomaliza mkataba wa kazi na kurudi kwao. Nyeusi, ndefu, nzito kama kabati, haina chuma cha kati kutoka kiti hadi hendeli, kwa hiyo mwenye nguo ndefu hainui mguu. Mnyororo umefungiwa ndani ya boksi. Gurudumu la nyuma limefunikwa pande zote mbili ili nguo isishikwe. Breki unakanyaga pedeli kinyumenyume. Mwalimu alidai kwamba waliotengeneza chombo hicho walikuwa na buibui akilini, hata kama wenyewe hawakujua.

"Itazame," alikuwa akisema. "Hapa pa kukamata nguo pako wapi? Hapa pa kuonesha mguu pako wapi? Gari ya kaka yangu ndiyo ya aibu. Ukishuka mle, mpaka magoti yanaonekana."

Ungedhani mtu huyo alikuwa mpole katika mengine. Wapi! Alikuwa mkali kuliko kaka yake. Msichana akipiga mluzi mtaani alirudishwa ndani. Kahawa kwenye kikombe chenye mkono hakuinywa; ilitakiwa finjani, na finjani ilitakiwa kutikiswa vizuri unapotosheka, si kufunikwa kwa kiganja kama mtu anayenyima wenzake. Msibani hakwenda na baiskeli. Aliiacha pembeni ya mtaa na kumalizia kwa miguu, akisema huwezi kufika kwenye kilio na kengele. Magharibi ikiadhiniwa, baiskeli ilikuwa ndani. Aliwalaumu wenye magari kwa uvivu, lakini yeye mwenyewe alikuwa akikatiza bustani ya watu ili asizunguke kona.

Wala hakutaka kusifiwa. Msichana mmoja wa gazetini alikuja na kamera, akamwita shujaa wa wanawake wa Oman. Mwalimu alimkaribisha, akampa halua, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, ushujaa uko wapi? Mimi nnakwenda kununua mkate."

"Lakini Mwalimu, wewe ni mfano..."

"Mfano wa nini? Ukiniandika shujaa, kesho nikiumwa mafua watasema shujaa kashindwa. Andika kwamba mkate wa pale barabara kuu umepungua chumvi. Hilo ndilo la kuandika."

Halikuandikwa.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili serikali ilinipeleka Uholanzi kusoma mipango ya usafiri wa mijini. Nilisoma kwa bidii namna ya kuwafanya watu waache magari yao. Nasema hivi nikiwa na gari mbili. Mwalimu, ambaye tangu safari ile aliniita Bwana Barabara, alinipigia simu akasema anakuja kuona kwao.

"Kwao nani?"

"Kwao baiskeli."

Alikuja majira ya kuchipua, na sanduku la halua na dagaa wakavu ambao sijui waliupitaje uwanja wa ndege. Siku ya pili, asubuhi, tulikodi baiskeli mbili katika mji mdogo uliozungukwa na malisho. Mpango ulikuwa wangu, niliuchora kwenye ramani kwa kalamu ya rangi: tupite juu ya tuta la mto, tuvuke kwa kivuko, tufike kwenye shamba linalotengeneza jibini, turudi mchana tule. Mzunguko ambao Mholanzi angeumaliza kabla ya chai kupoa.

Nilisahau nimeandamana na nani.

Uholanzi ni nchi ya mabenchi. Kila penye mandhari kuna benchi, na mandhari hazina mwisho kwa kuwa hakuna kilima cha kuzificha. Na katika kila benchi la asubuhi ile walikaa wazee wawili wawili, wamevaa makoti, wanatazama ng'ombe. Mwalimu aliwaona wa kwanza, akakanyaga breki, akashuka.

"Good morning," akasema kwa Kiingereza chake cha darasani. "How is your health?"

Bwana yule akasimama upesi, akachukua pampu kwenye baiskeli yake, akainama kukagua gurudumu la Mwalimu. Akalibonyeza la mbele, akalibonyeza la nyuma. Yote mazima. Akamtazama Mwalimu kwa mashaka. Mwalimu naye akadhani ndivyo wanavyoitikia salamu huko, akamwachia apige pampu.

Benchi la pili ilikuwa hivyo hivyo. La tatu, bibi mmoja akatoa kisanduku cha viraka na gundi. Tulipofika kwenye kivuko magurudumu ya Mwalimu yalikuwa magumu kama jiwe, nami nimechoka kueleza kwamba hakuna kilichoharibika, kwamba mama huyu anawasalimu tu. Kwa Mholanzi, mtu mwenye baiskeli nzima hana sababu ya kusimama.

Kisha upepo ukaanza. Wasiojua wakisikia nchi tambarare hudhani ni mteremko. Juu ya lile tuta upepo ulitujia usoni bila kitu cha kuuzuia tangu baharini, na mimi, mtaalamu mtarajiwa wa usafiri, nilipitwa na kila kiumbe. Alinipita mama mwenye watoto wawili, mmoja mbele mmoja nyuma. Alinipita bibi mwenye kapu la vitunguu, akiimba. Mwalimu alikuwa mbele, buibui limejaa upepo, akinigeukia kila mara.

"Bwana Barabara! Kaza! Au shahada unaisomea umekaa?"

Adhuhuri tulisali kwenye majani kando ya mfereji, ng'ombe wametupangia mstari nyuma ya uzio kama maamuma waliochelewa. Tulipomaliza tukala mikate yetu. Nilimwona amenyamaza. Mwalimu hakuwa mtu wa kunyamaza, nikamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi." Alikuwa akitazama njia. Wanawake walikuwa wakipita, wazee kwa vijana, wenye sketi, wenye makoti, mmoja mwenye hijabu na mfuko wa nepi kwenye hendeli. "Tangu asubuhi tumepita watu wangapi?"

"Wengi."

"Na hakuna hata mmoja alonikataza."

"Si ndivyo ulivyotaka?"

"Ndivyo nilivyodhani nnataka." Akakung'uta makombo. "Nimekuja kuona nchi ambayo mwanamke akipanda baiskeli hakuna anomtazama. Haya, nimeiona. Nzuri, mashallah. Lakini miguu yangu leo haina nguvu, Bwana Barabara. Nyumbani nikilikaribia lile geti, miguu inajiendea yenyewe."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Unajua nani kanifunza baiskeli?" akauliza. "Ni yeye, kaka. Uani kwetu Ng'ambo, Unguja, na baiskeli ya baba, mimi miguu haifiki chini. Anakimbia nyuma kashika kiti, ananambia nimekushika, nimekushika, usiogope. Nikageuka, namwona yuko mbali kule, kasimama na mikono kiunoni. Kaniachia zamani. Nikenda peke yangu mpaka ndani ya banda la kuku." Akaanza kufunga chakula. "Na mama alipokuja na fimbo, yeye ndiye aliyesema kosa lake. Mtu huyo huyo ndiye leo hanioni. Angesema hanipendi ningemstahamilia. Lakini kusema hanioni! Basi ataniona mpaka achoke."

Shamba la jibini hatukulifika. Tulirudi jua likikaribia kuzama, magurudumu yake yamejaa upepo wa nusu ya wazee wa jimbo lile. Benchi la mwisho kabla ya mjini alikaa mzee peke yake, mrefu, mwenye kofia. Mwalimu akashuka. Huyu hakuchukua pampu. Aliuliza kwa nini ameshuka.

"Kwetu tunawashukia wakubwa," akasema Mwalimu.

Mzee akawaza. Akasema kijijini kwao, alipokuwa mdogo, baba yake hakuruhusu baiskeli siku ya Jumapili. Yeye na dada yake walizificha nyuma ya kanisa, na dada yake hakuacha kuendesha Jumapili mpaka alipokufa.

Mwalimu akanigeukia kwa Kiswahili, nuru imemrudia usoni. "Umesikia? Hata hawa! Kumbe na hawa walikatazwa!" Na kutoka pale mpaka mjini sikumpata tena, hata kwa macho.

Aliporudi Muscat aliendelea kama kawaida, ting, tong, mbele ya geti. Nilirudi mimi pia, nikapewa ofisi, nikaandika ripoti nzuri juu ya njia za baiskeli ambayo mkuu wangu aliisifia rangi zake. Mtaa ukapata lami na magari zaidi. Kaka mtu akastaafu, akapata mkongojo, wageni wa wizarani wakapungua kisha wakaisha. Akabaki na kiti kimoja nje ya geti na dele ya kahawa. Kengele ya Mwalimu nayo ilizeeka. Ilibaki ting peke yake; tong ikafa.

Kuelekea mwisho wa miaka ile goti la Mwalimu lilikataa. Mwanawe wa kiume, aliyekuwa akiisubiri siku hiyo kwa hamu ya heshima, alimpeleka hospitali kwa mtaalamu wa viungo, binti wa Kikenya mwenye mikono ya nguvu. Mwana alitumaini baiskeli itapigwa marufuku kwa cheti. Binti akalikunja goti, akalikunjua.

"Mama, kuendesha haina shida. Hata ni poa, inasaidia. Shida iko hapo kwa kushuka na kupanda, kushuka na kupanda. Hapo ndio utaumia. Panda nyumbani kwa ngazi, zunguka, ukirudi nyumbani ndio ushuke. Katikati usishuke. Tumeelewana?"

Mwalimu aliniambia maneno hayo kama mtu anayesoma hukumu. "Afadhali angenikataza baiskeli. Ntapitaje mbele ya watu wazima nimekaa juu kama gunia la mchele?"

"Watu wataelewa, Mwalimu."

"Wao wataelewa. Mimi je?"

Akaiweka baiskeli ndani. Mtaa ukawa kimya wakati wa Alasiri, na wale wazee wa viti vya plastiki walikaa kama watu waliosahauliwa kwenye kituo. Mwana alianza kuulizia bei ya gari ndogo. Mimi mwenyewe nilifikiri yamekwisha.

Kisha Alasiri moja nikiwa nje, navuta mpira wa maji niioshe gari, geti la Mwalimu likafunguka. Alipanda kwenye ngazi ya mlango wake, akakaa kitini, akasukuma. Hakugeuka kushoto, kwa watu. Aligeuka kulia. Akapita mbele ya kaka yake, ting, akafika kwenye ukuta wa mwisho wa mtaa, akazunguka, akapita tena, ting, mpaka getini kwake, akazunguka, akarudi. Ndipo nilipoelewa. Mtaa mzima ule, geti alilokatazwa kulishukia ndilo pekee aliloweza kulipita na adabu yake ikabaki nzima.

Akapita tena na tena. Mpira ulikuwa ukimwaga maji miguuni mwangu.

"Utapita mpaka lini?" kaka yake akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuisemesha baiskeli tangu siku ile ya mikate.

"Mpaka nchoke."

Akaenda, akarudi. Ting.

"Shuka," akasema kaka mtu.

"Uliniambia nisishuke."

"Sasa nakwambia shuka."

"Sasa daktari kanikataza." Akakanyaga breki hata hivyo, akasimama mbele yake, ncha ya raba imegusa lami, bado yuko juu. Walitazamana. Kaka yake aliweka finjani chini, akashika mkongojo, akainuka kidogo kidogo kama anayefungua kitu kilichokunjwa siku nyingi. Alifika, akauegemeza mkongojo ukutani, akaishika hendeli kwa mikono miwili.

"Haya. Nshakushika."

"Na zamani ulisema hivyo hivyo."

"Zamani ulikuwa mwepesi."

Mwalimu akaweka mkono juu ya bega lake, akashuka, mguu mmoja, kisha ule mbovu. Akatengeneza buibui.

"Masalkheri, kaka."

"Masalkheri. Hujambo goti?"

"Lipo. Na wewe miguu?"

"Ipo."

Zikaenda hivyo, presha, sukari, watoto, salamu zote za miaka, hakuna hata moja iliyorukwa. Zilipokwisha, kaka mtu, bado ameishika baiskeli, aliibonyeza kengele kwa kidole gumba. Ting. Akabonyeza tena.

"Sauti ya pili vipi huitengenezi? Mwaka wa pili sasa."

"Wewe inakuhusu nini? Si ulisema hunioni?"

"Nilisema sikuoni. Nilisema sikusikii?"

Mwalimu akashika kiti cha baiskeli.

"Basi ishike vizuri," akasema. "Nataka kupanda."